Diski ya Pili

Deki ya Bibi Rusana ni ya rangi ya fedha, nzito kama tofali.
Juu yake kitambaa alichokifuma mwenyewe,
juu ya kitambaa saa iliyogoma saa tatu kasoro kumi.
Rimoti imefungwa plasta mgongoni.
Habari za intaneti usimwambie. Smolyan, theluji ikishuka,
hata umeme huja kwa kubembelezwa.

Nilishuka basi la Plovdiv na flashi mfukoni:
video ishirini na mbili kutoka simu ya babu Manol.
Alizipiga yeye, kwa hiyo yeye hayumo.
Imo sauti yake tu, nyuma ya kioo,
ikimsifia mbuzi, ikiugombeza moshi,
ikiuliza, “Hii inarekodi, au inanitazama tu?”

Nikachoma faili kama zilivyo.
Deki ikazunguka, ikakohoa, ikaandika: DISKI MBAYA.
“Mbaya kwa nani?” akauliza Bibi.

Nikamweleza. Deki hii ilizaliwa na lugha moja
na uzeeni haitajifunza nyingine.
Picha lazima ipunguzwe hadi itoshe mlangoni,
mistari mia tano sabini na sita kwa kimo,
fremu ishirini na tano kwa sekunde, isizidi hata moja;
sauti ivuliwe koti jipya, ivishwe la zamani.
Bibi akatikisa kichwa. Koti alilielewa.

Kompyuta ikakaa mezani kati ya maharage na chumvi,
feni yake ikilia kama nyuki kwenye chupa.
Asilimia nne. Bibi akatia kuni.
Asilimia tisa. Akatia kuni.
Bandu bandu huisha gogo, wanasema;
usiku ule gogo liliisha, asilimia zikabaki.
Alfajiri nikamwambia, “Sasa naanza kuchoma,”
akanusa hewa, akaenda kuchungulia jiko.

Diski ya pili ilitoa sauti bila picha.
Televisheni nyeusi tii, na babu ndani yake akicheka.
Nikaichomoa haraka, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu lenye mtu,
nikaandika juu yake kwa wino: IMEHARIBIKA.

Diski ya tatu ilikuwa na picha, ila pana, iliyokandamizwa:
mbuzi amekuwa mfupi kama stuli,
ua umelala, mlima umekuwa chapati.
Nilikuwa nimekosea umbo la kioo.

Ya nne ikakubali.
Jirani Haritina akaja na mtungi wa maziwa ya mgando,
tukakaa watatu mbele ya mbuzi.
Mbuzi, ua, theluji, mbuzi, kidole cha babu kwenye lenzi,
mbuzi tena.
“Safi,” akasema Bibi,
kwa sauti ile anayomwambia daktari kwamba dawa inamfaa.

Asubuhi yake nikaamka kwa sauti ya babu Manol jikoni.

Nikatoka pekupeku. Televisheni ilikuwa nyeusi.
Bibi alikuwa ameipa mgongo, anamenya viazi,
maganda yakishuka marefu bila kukatika.
“Bibi, hiyo ndiyo mbovu. Nzuri iko kwenye kasha.”

“Kwenye ile nzuri namwona mbuzi,” akasema,
“na nikimwona mbuzi najua ni video.
Mbuzi huyo tulimuuza.”
Akaelekeza kisu kwenye mlango wa stoo.
“Hii, yuko mle. Anatafuta nyundo.”

Nikaupangusa wino wa kasha kwa kidole na mate.
Haukutoka wote. Ilibaki HARIBI,
neno lisilo na maana katika lugha yoyote niijuayo.
Kompyuta nikaifunga. Kuna mambo niliyokuwa nimeyageuza
kutoka huku kwenda kule usiku mbili nzima
nisijue yalikuwa yamekwisha kufika.

Ndani ya weusi babu akasafisha koo.
“Hii inarekodi,” akauliza, “au inanitazama tu?”

“Inarekodi,” akajibu Bibi bila kugeuka.
“Funga mlango, baridi inaingia.”