Lenzi ya Kuvuta

Nimezilaza mbili juu ya kanga ya shangazi.
Moja mpya, ya kukodi, imetoka Dar kwa basi
imeviringishwa sponji kama yai;
Jumatatu irudi, na kila siku ina bei yake.
Nyingine ni ya marehemu Lugusha,
aliyepiga harusi zote za Isevya na Cheyo
mpaka mikono ikaanza kutetemeka.
Ishirini na tano hadi mia mbili hamsini.
Nzito kama mtoto wa mwaka aliyelala.
Ndani, pembeni mwa kioo, ukungu umeota
mwembamba, mfano wa ndevu za mahindi.
Mjane wake alinikabidhi akasema,
"Usinirudishie."

Kamera yangu haijui kusitiri.
Inahesabu. Ukiipa ukuta, inakuhesabia nyufa;
ukiipa uso, inakupa vinyweleo vyote
na mtu mzima anageuka tangazo la sabuni.
Ndiyo maana natafuta kioo
kitakachoiambia: taratibu, mwanangu, huyo ni mtu.

Kuvuta. Neno hili tumelitwisha mizigo:
tunavuta maji, tunavuta kamba,
tumbaku ya Urambo inavutwa na wasioijua Urambo,
kichwa cha treni kinavuta mabehewa usiku,
mdaiwa anavuta siku,
mgonjwa anavuta pumzi.
Nami naivuta sura iliyo mbali
bila yeye kusogea, bila mimi kusogea,
na bado sijui nani kamfikia mwenzake.

Stesheni ya Tabora, saa kumi na mbili kasoro robo.
Kalunde binti Mihayo amekaa kwenye benchi lilelile
aliloliangalia miaka thelathini
kupitia dirisha la tiketi.
Nikaanza na mpya.
Reli ya Mwanza, reli ya Kigoma,
zikanyooka hadi zinapoagana,
kila kokoto na kivuli chake.
Nikavuta. Fokasi haikuyumba hata unywele.
Nikafika jichoni, nikahesabu kope.
Safi.
Safi kama sahani ya hoteli ambayo chakula hakijafika.

Kisha ya Lugusha.
Ringi yake inakwaruza, ina mchanga wa harusi za watu
ambao sasa wana wajukuu.
Nikafungua kitundu cha mwanga hadi mwisho:
taa ya ishara ikavimba, ikawa asali,
kona zikafifia, weusi wa kivuli ukawa wa kahawia.
Nikavuta, na picha ikapumua,
ikajaa, ikanywea,
uso ukanipotea katikati ya njia.
Nikautafuta kwa kidole.
Ukarudi umechelewa kidogo,
kama mtu aliyeitwa kutoka chumba cha pili.
Nikasema moyoni: hii. Hii ndiyo sinema.

Usiku nikamwonyesha, kwenye skrini yenye ufa.
Alitazama zote mbili huku akichambua maharage,
jiwe huku, punje huku.
Akaomba arudishiwe ya Lugusha.
"Nzuri," akasema.
"Hapa nimeshakufa.
Watu wametoka makaburini, wameshiba pilau,
wananisifu."
Akaigusa ile ya kwanza kwa kidole chenye vumbi,
akaacha alama juu ya shavu lake mwenyewe.
"Lakini huyu bado anadai mafao yake."

Sikuwa na jibu.
Nilikuja na maneno mengi: ulaini, joto, mwanga unaomwagika,
nikayatafuna na ubwabwa.
Nimempigia mwenye lenzi, naomba siku mbili zaidi.
Amenitajia bei, nimekubali kabla hajamaliza.
Ya Lugusha imebaki kanga ile ile,
imelitazama dari, ina picha ya balbu ndani yake,
ndogo, imepinduka, na duara la ukungu.
Siwezi kuirudisha. Siwezi kuifunika.

Mbali, honi. Ya Kigoma.
Shangazi hakuinua kichwa, hakutafuta saa ukutani.
"Dakika arobaini na tatu," akasema,
akatupa jiwe nje.