Usitupe

Jokofu namba tatu lilikuwa likiunguruma
tangu sijaajiriwa.
Nyuzi themanini chini ya sifuri,
hapa Tanga, mwezi wa pili,
nje lami ya Ngamiani inanata kwenye soli,
ndani barafu imeota ndevu.

Hiyari akaleta mita, kidude cha kuchomeka ukutani.
Tukaikodolea usiku kucha kama mzazi akodoleavyo kipimajoto.
Asubuhi ikatwambia: jokofu moja
limekula umeme wa nyumba yangu,
na wa jirani, na wa jirani wa jirani
mwenye pasi na televisheni.
Semkiwa wa uhasibu akavua miwani, akaifuta,
akaivaa tena. Tarakimu zikabaki zilezile.

Basi tukaanza kuhesabu.
Kuhesabu ndiyo kazi yetu:
vijidudu kwa kila chembe nyeupe mia mbili,
jicho moja limefumba, kidole kwenye kitufe.
Lakini glavu hatukuwahi kuzihesabu.
Jozi mia nne kwa siku.
Ncha za pipeti, zimeguswa na tone moja,
sekunde mbili, kisha ndoo.
Haba na haba, pipa.

Na pipa huenda tanurini, nyuma ya stoo,
na moshi huruka ukuta bila kupiga hodi
mpaka uani kwa Bi Mwanjaa, kwenye kamba ya nepi.
Alhamisi huja na mjukuu anayekohoa.
Tunampa kikopo cha plastiki ateme makohozi,
tunayasoma,
kisha kikopo tunakichoma.
Mganga hajigangi, walisema wahenga.
Hawakusema kwamba humkohoza jirani.

Si kila kitu kilibadilika.
Sindano, hapana. Damu haina mjadala.
Ila bika za kioo zilitoka stoo na vumbi lake,
kiyoyozi kikapandishwa, tukatoa makoti ya baridi
tuliyokuwa tukiyavaa, aibu iliyoje, kwenye joto la Tanga.
Karatasi, katoni, chupa safi: ndoo yake, isiyokwenda motoni.
Namba moja na namba mbili zikaongezwa nyuzi kumi.
Namba tatu ikahukumiwa kuzimwa.

Nikapewa mimi kulihamisha.
Vichupa vya utafiti uliokwisha,
majina yaliyofutwa na baridi,
na chini kabisa, kwenye barafu, boksi moja
lenye utepe na mwandiko wa marehemu Shekilindi:
USITUPE.

Usitupe nini? Kwa nini? Mpaka lini?
Daftari halisemi. Mkuu hajui.
Nikampigia mjane wake, Muheza.
Akacheka mpaka akakohoa.
"Mwanangu, hata huku kaniachia makopo ya rangi,
yamekauka, yanalia kama mawe,
na yote kayaandika hivyohivyo."

Nikavipika vile vichupa kwenye mvuke, kwa shinikizo,
dakika zake zote, kama alivyonifundisha mwenyewe.
Utepe niliubandua polepole, kwa ukucha,
nikaubandika kwenye trei ya vioo vilivyooshwa,
vimesimama vinachuruzika.

Kisha nikachomoa waya.
Barafu ikaanza kudondoka kwenye beseni.
Ukimya ukatanda chumbani, wa kwanza tangu nianze kazi,
na humo ndani ya ukimya nikasikia
jokofu namba mbili.