X na Y

Chomeka kompyuta, Hidaya, tuwahi.
Luku inasoma nne nukta mbili
na feni ya dukani inakula umeme
kama mgeni aliyeingia harusini bila kadi.

Anza na uwanja mtupu. Usiogope weupe wake.
Kona ya juu kushoto ni sifuri, sifuri.
X inakwenda kulia, tuseme kuelekea Ubungo.
Y inashuka. Ndiyo, inashuka,
unavyozidi kuhesabu ndivyo unavyozidi kwenda chini,
kama unavyosoma barua.

Usichore dunia nzima.
Chora kigae kimoja cha vumbi, kimoja cha lami,
kimoja cha bati lenye kutu,
halafu rudia, rudia,
kama fundi wa matofali
mwenye kalibu moja na mtaa mzima kichwani.

Haya, bonyeza tuone.

Umeona? Mtu wako anapita ardhini kama anapita moshi,
anaanguka na tabasamu lake ulilomchorea.
Ardhi kuonekana si ardhi kubeba.
Lazima uiambie: wewe ni ngumu, mzuie.
Usijicheke sana. Wa kwangu wa kwanza
nilimwacha nikaenda Manzese kununua vocha,
nikarudi, bado anaanguka,
Y yake imefika laki tatu na ushee.

Sasa matabaka. Anga nyuma, mabati, watu,
nyaya za umeme mbele ya wote.
Huyu muuza chipsi umemzika ndani ya ukuta;
mtoe, akapambane na moshi wake nje.
Na usizibe mtaa.
Nyumba tisa, kuta zimegusana,
mchezaji apite wapi? Acha uchochoro,
hata wa upana wa mtu na ndoo yake.

Unauliza ile nyumba kwenye faili langu,
arobaini, ishirini na mbili,
isiyo na sarafu wala adui,
inafanya kazi gani.

Ile ni kwetu. Kimara, kando ya barabara
kabla barabara haijanenepa.
Nilikuwa darasa la sita
walipokuja na kopo la rangi nyekundu
wakaandika X ukutani, chini ya dirisha.
Ndiyo X ya kwanza niliyoambiwa ina maana.
Y hawakuandika.
Na mtu hafiki mahali kwa namba moja, Hidaya;
tulikaa kwa shangazi, tukakaa Mbezi kwa Msuguri,
tukakaa chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga
ambapo hata ndoto zilikuwa na unga.
Baba aling'oa mabati mwenyewe kabla ya katapila,
akanyoosha misumari mmoja mmoja,
akaitia kwenye kopo la maziwa.
Kopo lile analo mpaka leo. Hajajenga.

Nilipojua kuweka kigae, nikaiweka.
Ukuta, dirisha la nyavu, pipa la maji,
mlango wa buluu uliokuwa unagoma masika.
Nikamwita mama. Akavaa miwani,
akashika vitufe kwa kidole kimoja
kama anayepima joto la uji.
Sarafu akazipita. Adui akamwambia, nipishe, baba.
Akaingia ndani, akasimama.
Nikangoja alie, maana mimi nilishaanza.

Akasema: jiko halikuwa hapo.

Halikuwa hapo?
Lilikuwa huku, upande wa kina Mama Tegemea,
ndiyo maana tulikuwa tunasikia ugomvi wao.

Basi. X, kutoa mbili.
Akaangalia tena. Hapo sawa, akasema,
akarudi kwenye mboga zake.

Usiandike hilo kwenye daftari, si somo.
Somo ni hili: mpe mtu mwingine acheze,
na akikwambia jiko limekaa vibaya, sogeza jiko.

Luku imeanza kulia.
Hifadhi. Hifadhi tena, kwa jina lingine.
Umeme wa hapa ukiondoka haupigi hodi.