Ngazi Kumi na Tisa

Nilitumwa na dodoso la maswali ishirini na mawili,
kurasa nne zilizobanwa kwa pini,
nyumba kwa nyumba, Mkomani hadi Langoni,
kuwauliza wagonjwa wa sukari wanaishi vipi.
Si kama wanaishi. Hilo faili za hospitali zinalijua.
Vipi.

Swali la saba: Je, afya yako hukuzuia kupanda ngazi?
Aliyelitunga hajapata kulala Mkomani,
ambako jiko liko juu, kisima kiko chini,
na mtu huzaliwa, huozwa, hukatiwa sanda
baina ya ngazi na ngazi.

Bi Mwanakheri alicheka, akafuta jicho kwa ncha ya leso.
"Kupanda? Sina haja ya kupanda,
niko yuu tangu mfunguo sita.
Niulize kushuka.
Mimi na ndia tumekosana."
Nikatazama karatasi. Kushuka hakukuwa na kisanduku.
Nikatia alama penye *hunizuia sana*
nikanywa kahawa yake, chungu, bila haluwa,
kwa kumstahi.

Zamani tungejumlisha:
usingizi huu, ganzi ile, huzuni hii,
vyote kapuni, kapu mizanini,
tumpe Bi Mwanakheri arobaini na moja kwa mia
kama mtoto aliyefeli somo la maisha yake mwenyewe.

Safari hii Daktari Twalibu alilikataa kapu.
Maradhi si gunia la mchele, alisema, ni ukili:
vuta chane moja,
kisha usiitazame hiyo uliyoivuta.
Tazama ipi nyingine imetikisika.

Basi usiku, kwenye kompyuta inayounguruma kama paka,
watu mia mbili na kumi na wanne wakaanza kusukana.
Kila swali likawa kifundo. Kila uhusiano, uzi:
mnene panapovutana,
mwembamba kama utando wa buibui panaponong'onezana,
mwekundu pale kimoja kinapopanda mwenzake akashuka.
Nilitarajia maumivu yakae katikati,
yamekunja nne kama mwenye nyumba.
Hayakuwapo. Yalikuwa pembeni
na ganzi ya nyayo na ukungu wa macho,
wazee watatu wakizungumza peke yao.

Katikati, limefungwa kwa nyuzi tisa,
lilikaa swali la kumi na nane,
lile nililokuwa nikilisoma mbio mbio
kwa kuwa adhuhuri imeingia na mimi nina njaa:
Mwezi uliopita, umewatembelea jamaa mara ngapi?
Usingizi umelishika mkono.
Huzuni imelishika shingo.
Hata sindano zilizosahauliwa
zilikuwa zikivuta upindo wake.

Nani anamvuta nani? niliuliza.
Daktari akafungua viganja.
Uzi huu hauna kichwa wala mkia.
Utakwambia wamefungana;
hautakwambia nani alianza kufunga.

Nilimpelekea Bi Mwanakheri ramani ile, nimeichapa kwa rangi.
Aliigeuza, akaigeuza tena,
akasema marehemu mumewe alishona kofia zenye vito kama hivi
na hakuna hata moja iliyomkaa kichwani sawasawa.
"Na mimi ni upi?"
Wewe hupo, Bi. Au upo kote.
Akaweka kidole pembeni, penye weupe mtupu.
"Hapa mumemsahau Yunusi.
Ndiye alokuwa akinishika mkono kushuka.
Sasa yuko Jedda, hupiga simu Ijumaa,
na simu haina kiwiko."

Sikuwa na kifundo cha Yunusi.
Sikuwa na swali la kiwiko.
Nilijua pia kwamba mdadisi hatakiwi kuligusa jibu;
tuliapishwa hivyo, siku mbili za mafunzo, tukapewa na soda.
Nikaweka karatasi chini ya kikombe, nikampa mkono.

Dada yake, Bi Tima, yuko mlango wa tatu.
Ngazi ya kwanza alisema bismillahi.
Ya tano alinitukana kidogo.
Ya kumi na moja tulisimama, tunahema, tumeegemea ukuta,
na sikujua nani kati yetu anamshikilia mwenzake.
Chini, mlangoni, punda wa mawe alikuwa amesimama,
ametugeuzia kisogo,
akitungoja tupite,
au ametuzibia.