Misumari Saba

Nilipopangiwa Newala, wodi ya wanaume,
dirisha la mashariki lilikuwa limepigiliwa misumari saba.
Nikauliza nani kalifunga.
"Baridi," akasema mhudumu Nampoto,
kana kwamba Baridi ni mtu, ana shina na balozi,
na alipita hapa na nyundo.

Chuoni, mwalimu Apolonia Chitanda
alituuliza siku ya kwanza: dawa ya kwanza ni ipi?
Tukashindana. Penisilini! Kwinini! Dripu!
Hakujibu. Alikwenda akafungua dirisha,
karatasi zetu zikaruka hadi uani,
tukazikimbilia tukicheka,
na tuliporudi tukihema alisema,
"Hiyo mnayohema. Andikeni."

Kisha akatusimulia vita vya zamani, vya Wazungu,
ambako askari waliuawa na uchafu zaidi kuliko risasi,
na mwanamke mmoja akakesha na taa na daftari
akihesabu, akihesabu,
mpaka hesabu ikawatia wakubwa aibu.
"Taa mtaisikia sana," alisema. "Mimi nawaachia daftari."

Sasa daftari langu lina mzee Chinduli Mnali,
kitanda cha tisa, uso ukutani.
Pafu. Siku kumi na moja hajasema neno
ila "maji", na maji huku juu
bomba huyatoa likipenda;
binti yake Somoe huyafuata bondeni,
ndoo ya kunywa, nusu ndoo ya shuka,
na kikombe kimoja, kimoja tu,
cha mikono yangu.
Nanawa kama anayetawadha jangwani.

Nilianza na minong'ono. Waliosimama mlangoni
wakisema chinichini "huyu Ijumaa hafiki",
niliwaambia: semeni kwa sauti au nyamazeni,
mgonjwa husikia zaidi kile anachofichwa.
Nikavua kandambili zangu zinazopiga makofi.
Nikafua pazia. Kumbe lilikuwa la bluu.

Kisha nikaazima koleo kwa fundi baiskeli.

Msumari wa kwanza ulilia kama kifaranga.
Wa nne ulikatika.
Wodi ikanung'unika: upepo huo una wenyewe,
unapanda kutoka Shimo la Mungu, haupandi mtupu.
Somoe akasimama kati yangu na baba yake.
"Ukimpiga huo upepo, dada, utamjibu nani?"
Sikuwa na jibu la chuoni.
Nikamfunika mzee mablanketi mawili,
lake, na langu la zamu ya usiku,
nikasema: tukae hapa mimi na wewe mpaka kuche.

Tukakaa.

Alfajiri, badala ya mashetani, ikaja salfa:
mashine za kupulizia mikorosho zikaunguruma
na vumbi la njano likashika njia ya kwetu.
Nikafunga haraka. Hilo mwalimu hakulifundisha.
Saa mbili, hewa ilipotulia, nikafungua tena.
Tangu hapo dirisha lina zamu, kama mimi,
nami nimeliandika kwenye ratiba ukutani,
chini ya jina la Nampoto.

Tukakigeuza kitanda.
Jua lilimwanzia miguuni, likapanda polepole
kama mtu anayesoma barua ndefu.
Lilipofika usoni alifumbua macho, akatazama nje:
"Nani kapogoa mkorosho ule? Kaukosea."

Hayo tu. Somoe alicheka mpaka akalia.

Sitasema alipona. Leo ni Jumamosi, bado anakohoa,
na dripu nayo ilifanya kazi yake, na daktari, na Mungu.
Mimi nilitoa misumari sita na nusu.
Ile nusu nyingine ingali kwenye mbao;
kila nikipangusa fremu hunikwaruza kidole,
nami nanawa, kikombe kimoja,
naandika: tarehe, saa, joto la mwili.
Dirisha: wazi.