Kuchambua

Herufi nne tu: A, T, G, C,
zimepanga foleni kama madumu bombani Kadutu.
Nsimire anailisha mashine jani kwa jani:
mihogo ya Walungu
iliyosagwa, ikasomwa, ikawa maandishi.

Hii batobato. Hii michirizi. Hii batobato tena.
Hii, asilimia hamsini na moja, batobato.

Na hiyo moja, anaiuliza, umeitoa wapi?

Mama yake huchambua maharage gizani,
vidole vikajua jiwe kabla ya jicho.
Ukimwuliza amejuaje,
naye huuliza kama umeshaosha sufuria.

Umeme wakatika. Muhumba nzima kimya.

Kesho ni pikipiki, tope hadi goti,
akalione jani lenyewe,
aligeuze upande wa chini.