Usimwite Kitu

Siku yangu ya kwanza maabara, Tromsø, mwisho wa Novemba,
jua lilikuwa limeshaaga hadi Januari.
Torbjørg Eikeland alinikabidhi glavu na beseni la barafu.
"Huyu ni sifongo," alisema. "Ni mnyama. Usimwite kitu."

Mnyama asiye na mguu, asiye na jicho,
asiyejua kukimbia wala kuuma,
kabakiwa na silaha moja: sumu.
Na sisi tulikuwa wezi wa sumu hiyo.

Tani moja. Ndiyo, tani.
Tuliwakata, tukawaloweka kwenye spiriti, tukachuja,
tukakausha, tukachuja tena,
miezi saba, na mwisho wa yote
unga wa kujaza ukucha wa kidole cha mwisho.
Mimi ndiye niliyeandika lebo: 418.
Nikapiga chafya karibu na mizani.
Alinitazama kama mtu aliyemwagiwa uji wa wiki nzima.

Zilizotangulia, mia nne na kumi na saba, zilikuwa zimekufa.
Nyingine ziliua seli za saratani, na panya pia.
Nyingine hazikuua chochote.
Moja, 263, aliipenda miaka sita,
ikaja kuharibu figo. Hakuitaja tena,
ila kikombe chake cha kahawa
kilikuwa na namba hiyo kwa chini, kwa kalamu ya wino mzito.

418 ilivuka kwa panya, ikavuka kwa mbwa,
ikafika kwa watu, tone kwa tone.

Oddvar Nymo, dereva wa basi mstaafu, kitanda cha dirishani:
uvimbe ulisinyaa nusu, vidole vikafa ganzi,
vifungo vya shati akawa anafungiwa na mkewe.
Dawa ya moto ni moto, tunasema,
wala hatusemi kovu linabaki kwa nani.

Hakuuliza atapona lini.
Aliuliza, "Ana rangi gani, huyo mnyama?"

Miaka thelathini na moja: wafadhili, mikutano,
wakaguzi wenye mikoba,
na hakuna aliyewahi kuuliza.
Torbjørg akafungua mdomo, akaufunga.
Kesho yake alikuja na chupa chini ya koti.
Manjano. Manjano ya kiini cha yai.
Oddvar akanusa. "Buti za baba!"
Akacheka hadi akakohoa, hadi nesi akaja mbio.

Aliishi viangazi viwili zaidi.
Cha pili, mkewe alituandikia, alikwenda kuchuma beri mwenyewe,
nusu zikimponyoka,
akizitukana moja moja.

Leo Torbjørg anastaafu. Keki imeliwa, friza imefutwa barafu.
Nimempa mwanafunzi mpya glavu na beseni.
"Hiki kitu kinanuka," amesema kijana.

Torbjørg yuko mlangoni, koti mkononi.
Hageuki.
Anasubiri nimrekebishe.